Mbuzi Aliyepita Mtihani

Karakana ya miguu bandia pale Lodwar ililetewa mpira mpya, mwaka wa tisini na sita. Mpira wa pinki, unanuka kama tairi ikichomwa. Huo ndio unawekwa ndani ya mguu, unagusa ngozi ya mtu kutoka asubuhi mpaka jioni. Sasa kabla mtu avalishwe, lazima upimwe kama unaumiza. Mkubwa wa karakana, Kipngeno, akasema hiyo ni kazi ndogo. Akanunua mbuzi. Wakamnyoa paja, wakamfunga kipande cha mpira, wakamwacha kivulini anakula majani kama waziri.

Wa kwanza kuvalishwa angekuwa Adhel, mama wa Kidinka kutoka kambi ya Kakuma. Bomu la ardhini lilimkata chini ya goti. Daktari alishamwambia wazi: kidonda kingine hapo, na goti nalo linakatwa. Kwa hiyo akakaa Lodwar akingoja majibu ya mbuzi.

Siku ya majibu wakaja wageni wa Nairobi, wale walioleta mpira. Na huku Turkana mgeni haondoki bila nyama, si unajua. Kipngeno akaagiza mbuzi achinjwe. Mbuzi gani? Huyo huyo. Mwingine hakukuwa.

Adhel alikuwa anasaidia jikoni. Ngozi ilipotolewa, akafungua kile kipande. Chini yake ilikuwa imechubuka, nyekundu, inatoa maji.

Huko nje Kipngeno anasomea wageni ripoti: mbuzi alivumilia vizuri mpaka mwisho, hakuna malalamiko yaliyopokelewa. Wageni wanapiga makofi, mifupa mkononi.

Adhel akaja na magongo yake, ngozi begani, akaitandaza katikati ya sahani. Nyakio, mkubwa wa wageni, akaacha kutafuna.

"Mama, huyu ni mbuzi," Kipngeno akasema. "Ngozi ya mtu ni tofauti."

"Sawa, bwana mkubwa. Wewe ni mtu. Funga."

Angekataa vipi mbele ya Nairobi? Akakunja suruali, akafungiwa kipande kipya, akaendelea na hotuba. Jua la Lodwar unalijua. Kufika kwenye neno "maendeleo", anasugua mguu kwa kiti. Kufika kwenye "ushirikiano", ameshakimbilia mtungi anajimwagia maji.

Nyakio akarudi na mpira wake Nairobi. Adhel akaahidiwa ngozi laini ya kondoo badala ya mpira. Akasema asante, lakini ipimwe kwanza.

Ikapimwa. Kwa Kipngeno, mguu ule mwingine.