Kabla Hujang'oa Nyaya

Nilikuwa nimeshatoka getini, begi begani, spana zikigongana ndani, wakati mpwa wangu aliponifuata mbio kudai kipimio cha umeme.

"Mjomba, hicho ni mali ya gereji."

Nikamtolea. Nikamtolea na waya wake mwekundu uliobaki mfukoni, asije akasema mjomba mwizi. Nilikuwa nimekaa kwake miezi kumi na moja, na kwangu hiyo ni mingi. Kuna miji niliyoihama kabla sijaijua njia ya sokoni. Safari hii nusu nilifukuzwa, nusu nilijifukuza, na sababu ni gari la Shangazi.

Shangazi si shangazi yangu. Ni dereva, mama wa makamo, mtaa mzima humwita hivyo. Kigari chake cheupe hupeleka hospitali wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mmoja wao ni mumewe. Juzi mkaguzi wa magari alimsimamisha. Akiwasha indiketa, taa zote za nyuma zinapepesa. Akikanyaga breki, zinafifia kama mtu anayesinzia kikaoni. Mkaguzi akampa hadi saa sita mchana wa leo, la sivyo gari lisitembee. Na kesho ni zamu ya wagonjwa.

Mpwa wangu, ambaye mafundi humwita Injinia kwa ajili ya vyeti alivyotundika ukutani, alichomeka kompyuta yake, akaitazama, akatoa hukumu: nyaya zote za nyuma zing'olewe, ziwekwe mpya. Siku tatu.

"Siku tatu?" Shangazi akauliza. "Nikaziambie figo za mume wangu zisubiri?"

Mimi nikasema nyaya ni nzima. Injinia akaniuliza, mbele ya mafundi wote, nimesomea wapi. Nikamjibu: darasa la pili shule moja, la tatu shule nyingine, la nne sikulikuta, na bisibisi yake ya kwanza nilimshikisha mimi. Akasema basi nitafute gereji ya watu wa darasa la tatu. Nikachukua begi.

Sasa niko barabarani, nasikia honi. Shangazi ametoa gari lake nje, karatasi ya gereji ingali imebandikwa kiooni.

"Mzee, una uhakika au una hasira tu?"

"Vyote viwili."

"Basi fungua hapa hapa. Saa nne na nusu hiyo."

Akaegesha ubavuni mwa ukuta wa gereji yenyewe. Injinia na mafundi wakajipanga getini kama wanangoja mpira uanze. Nikafungua taa ya kulia. Soketi ya balbu imeota ukungu wa kijani. Nikafurahi, nikaisugua kwa msasa hadi ikang'aa.

"Washa!"

Taa zikapepesa vilevile. Getini wakaangua kicheko.

"Umeipaka poda, Mjomba," Injinia akasema.

Shangazi hakucheka. Alitazama saa yake, akanitazama mimi, na jasho likanitoka hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilifanya haraka ili niwanyamazishe, badala ya kupima.

Moto wa gari, yaani umeme wake, ukitoka kwenye betri kwenda kwenye taa, lazima urudi. Haufanani na mimi. Hurudi kwa kupitia bati la gari, na taa za nyuma hushikishwa na bati hilo kwa waya mweusi mmoja. Mshiko ukiharibika, moto hupenya kupitia taa za jirani, ndipo indiketa inapoisumbua breki. Nikavuta waya mrefu kutoka upande hasi wa betri, nikaugusisha kwenye waya mweusi wa taa.

"Kanyaga breki!"

Zikawaka nyekundu, kali, hata juani.

"Indiketa!"

Ikapiga peke yake, nyingine zote zimetulia.

Nikaufuata waya mweusi hadi nyuma ya plastiki ya ubavuni. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri. Nikaifungua, na chini yake nikakuta rangi nyeupe, nyororo, nene kama utando wa maziwa. Umeme haupiti kwenye rangi. Miezi miwili nyuma gari hili liligongwa, likapigwa rangi hapa hapa gereji, na aliyerudisha taa ni mimi. Bolti ile niliikaza kwa mkono wangu. Meno yake yalikwaruza bati kidogo, ikashika kwa muda, kutu ikamaliza.

Hakuna aliyekuwa ameona. Ningeweza kukwangua nikanyamaza. Injinia akasogea, akachungulia.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi," nikasema, kwa sauti ya kufika getini. "Ulinikataza nisikwaruze rangi yako, nikakutii, na huko ndiko kukutii kwangu kwa mwisho. Kosa ni langu, nalirekebisha. Lakini wewe ungeweka nyaya mpya, ukazifunga kwenye bolti hii hii, juu ya rangi hii hii. Siku tatu, na taa zingepepesa vilevile!"

Nikaanza kukwangua.

"Mjomba, rangi!"

"Iache itoke."

Nilikwangua hadi bati tupu likang'aa, nikakaza, nikapaka grisi ya kuzuia kutu. Kila taa ikafanya kazi yake.

"Rudi ndani basi," Injinia akasema chinichini. "Yaishe."

"Yasemee kwa sauti ile ile uliyonifukuzia."

Akageuka, akarudi ndani na mafundi wake. Nikapanda mbele, kando ya Shangazi.

Gari lilipita ukaguzi saa sita kasoro dakika tisa. Kesho yake wagonjwa wote walifika hospitali. Mume wa Shangazi aliishi miaka miwili zaidi. Shangazi bado anaendesha. Mpiga rangi wa gereji sasa hufunika sehemu za bolti kwa karatasi kabla ya kupuliza. Dada yangu, mama yake Injinia, alininunia mwaka mzima, kisha akachoka. Injinia hajanipigia simu, wala mimi sijampigia. Niko mji wa tatu tangu siku ile, nyuma ya duka la matairi, natengeneza taa za pikipiki.