Jani la Yayan

Ving'ora vya mafuriko vya mtaa wa akina Imas viliwahi kunyamaza usiku wa mafuriko yenyewe. Mto Citarum ukaingia hadi vitandani, na kesho yake wakaja mabwana wa kampuni iliyovikodisha, viatu wamevivika mifuko ya plastiki, wakasema wananchi ndio waliochezea nyaya. Imas hakusahau. Hata rangi ya mifuko ile aliikumbuka.

Sasa alikuwa anaandika programu kwenye karakana ndogo mjini Bandung, na king'ora walichokiunda yeye na wenzake kilikuwa mezani. Mchana huo Bi Kokom wa kamati ya mtaa ule alikuwa anakuja kukijaribu. Kikiwaka, mtaa unachukua ving'ora vya karakana. Kikikataa, kamati inarudi kwa wale wale wa mifuko.

Na kilikuwa kinakataa. Tena si kila mara, ndiyo maana kiliudhi. Ukikata umeme na kuurudisha, programu ya kukiwasha ilianza kusoma kadi ya kumbukumbu, ikapotea njiani, ikakwama. Ukiiongezea mistari ya kutoa ujumbe ili uone inapopotelea, inapona!

"Kina haya," alisema Yayan, aliyeandika sehemu ya kusoma kadi. "Kikitazamwa kinajifanya kizima."

"Kama wewe bosi akipita," Imas alimjibu.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya botram: majani ya mgomba yametandazwa sakafuni, juu yake wali, samaki wa chumvi na pilipili ya kusaga, kila mtu anakula kilicho mbele yake. Zamu ya kutandika ilikuwa ya Yayan, bahili wa majani kama alivyo bahili wa baiti, vile vijisehemu vya kumbukumbu ya mashine. Chakula chake alikianzisha katikati ya jani, pale pale cha Imas kilipoishia. Bi Kokom alipoingia, Yayan akataka kumtengea mgeni wali mpya. Akalikunja jani lote, akalitupa.

"We kaka! Samaki wangu!"

"Samaki gani? Nimetupa jani langu."

"Jani lako lina nusu yangu, mchoyo we!"

Watu wakaangua kicheko. Imas akacheka nao, kisha akalikodolea macho jani lililotupwa. Kache, ile kumbukumbu ndogo ya karibu ambamo mashine huweka nakala za yale inayoyatumia, haishiki baiti moja moja. Hushika mistari mizima, na hutupa mistari mizima.

"Yayan, data ya kadi inapokelewa wapi? Mwanzo wa mstari?"

"Palipobaki nafasi. Nilikuwa nabana."

"Na jirani yake nani?"

"Namba ya kipande kinachofuata kusomwa."

"Namba imeandikwa kwenye kache tu, haijafika kumbukumbu kuu, na wewe unaagiza mstari utupwe ili data mpya isomwe, namba inatupwa nao! Ile mistari ya ujumbe ilikuwa inaisukuma namba ifike mapema, basi."

"Nimemtupa samaki," Yayan alisema kwa huzuni ya kweli.

Wakaipa sehemu ya kupokelea data mistari yake peke yake ya kache, mwanzo hadi mwisho, isigawane na mtu. Bi Kokom, vidole vingali na pilipili, akachomoa waya mwenyewe. Akachomeka. Kikalia. Akachomoa tena, akachomeka, kikalia, tena na tena, mpaka majirani wakaanza kugonga ukuta.

"Kizime basi, bibi!" Yayan alipiga kelele, masikio ameyaziba.

"Sizimi! Siku ile ya maji niliungoja mlio huu!"

Akakikumbatia kikilia vile vile, akaelekea mlangoni nacho, hadi waya ukamvuta nyuma.