Mwaka wa Chui

Niliingia msituni asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, mwanangu Kibet mgongoni na viatu mkononi. Vilikuwa vya plastiki na vilipiga kelele. Njia haikuwa na mtu. Tangu chui aanze kuonekana upande wetu wa Olenguruone, hata wakata kuni waliikimbia.

Chui mwenyewe alikuwa amekula mbuzi kadhaa na mbwa wa mwalimu. Chifu aliitisha baraza. Askari wa wanyamapori wakaleta mtego wa chuma, wakafunga mwanakondoo ndani. Ikapitishwa kwamba mwanamke asiende mtoni wala kupeleka maziwa bila mume wake. Watu walipiga makofi. Kiptanui, mume wangu, alipiga pia, na kuanzia siku hiyo akawa ananisindikiza kila mahali na rungu lake.

"Umebahatika," jirani yangu Joan aliniambia. "Wangu hata mlangoni hanifikishi."

Kiptanui hakuwa mlevi. Aliimba kwaya. Alinipiga mahali ambapo nguo hufunika, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kama nimefunga ndama. Zamani njia ya mtoni ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kupumua. Chui alipokuja, nafasi hiyo ikaisha. Halafu jioni moja, badala ya kuliacha rungu nyuma ya mlango, aliliegemeza kando ya kitanda, upande wangu. Nililitazama, nikaelewa.

Kulipokucha, alipokwenda kukamua, nikambeba mtoto nikaondoka.

Sitadanganya, msituni niliogopa. Kila tawi lilipovunjika nilisimama nikasikiliza. Lakini ilikuwa hofu ya namna nyingine. Ilikuwa na mwisho. Ingeishia pale miti inapoishia.

Ng'ambo ya msitu, dada yangu Jemutai alikuwa akianika mahindi uani kwake. Aliniangalia, akampokea mtoto, akaleta maji ya kuniosha miguu. Maswali aliyaacha.

Haikupita wiki, Kiptanui akaja na wazee kunirudisha. Mzee Kipkirui, baba yake mdogo, ndiye aliyezungumza, tena kwa upole.

"Mama Kibet, ulitaka kuua mtoto? Mtu mwenye akili anapita kwa chui?"

Jemutai aliweka birika chini. "Wazee, nauliza tu. Huyo chui ameua watu wangapi?"

"Bado hajaua mtu."

"Na Cherop, yule mama wa karibu na kinu, ambaye mlisema alianguka nyumbani kwa mumewe?"

Mzee Kipkirui alikoroga chai ambayo ilikuwa imekorogwa tayari. Kiptanui alitazama mlango. Wote wawili walikuwa wamebeba jeneza la Cherop. Nami nilikuwa nimepika kwenye matanga yake.

"Hayo ni mambo ya nyumba," mzee alisema mwishowe.

"Hapa pia ni nyumba," Jemutai akasema. "Dada yangu Cheruto atakaa."

Walimaliza chai, wakaomba, wakaondoka. Walizunguka kwa barabara kuu, mwendo wa karibu siku nzima, wanaume wanne na rungu.

Mwezi uliofuata chui alinaswa, akapelekwa mbali kwa lori. Baraza likaitishwa tena, watu wakatangaziwa kwamba sasa wako salama. Joan alinipigia simu kunipa habari hiyo. Alikuwa na furaha ya kweli. Alisema sasa naweza kurudi nyumbani.