Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Meno

Mwanamume akipotea kwa pombe, majirani humshika mkono wakamrudisha kwake. Jackton Ojwang, daktari wa meno wa Kericho mjini, alipotea kwa semina, na semina haina majirani.

Alienda Nairobi na koti lake la kawaida, akarudi na suruali iliyoishia juu ya vifundo na viatu bila soksi, tena Kericho hii, ambako baridi humpanda mtu kuanzia miguuni. Akamtangazia mkewe Akello kwamba yeye si daktari wa meno tena. Sasa ni msanifu wa tabasamu. Akello, aliyekuwa akipokea wagonjwa tangu wafungue kliniki juu ya duka la mbolea, akamuuliza kama tabasamu nalo hung'olewa. Jackton akacheka, kile kicheko cha kumhurumia mtu ambaye hajaenda semina.

Aliyemharibu anaitwa Kocha Vinny. Huyo Vinny alisomea meno miaka miwili akaacha, au aliachwa, inategemea unamuuliza nani. Hajawahi kung'oa hata jino la maziwa, lakini anawafundisha wanaong'oa namna ya kuishi. Kwamba daktari asiyejulikana ni kama redio isiyo na betri. Kwamba kila mdomo ni nafasi ya biashara. Jackton alikuwa akiyarudia hayo mezani, watu wakila.

Na nyumba ya Akello haikosi watu wa kula. Kina mama wa kwaya, binamu wa Muhoroni, jirani Masese, yeyote aliyenyeshewa akipita. Walikuwa wanampenda Jackton kwa sababu alikuwa mtu wa kusikiliza. Sasa mtu akicheka tu, daktari anainama kidogo kumchungulia mdomoni. Siku moja alimwambia Masese kwamba meno yake yana uwezo mkubwa. Masese akaacha kucheka katika nyumba ile.

Kazi yenyewe ya kliniki ilibaki kwa Chelimo, daktari aliyeajiriwa, msichana wa Merigi mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Jackton alimtaka acheze densi mbele ya simu, na makoti yao meupe, eti ndiyo njia ya kupanda ngazi kikazi siku hizi. Chelimo akamjibu kwamba kwenye barua yake ya ajira hapakuwa na ngoma, na kama anatafuta wachezaji, Silibwet kuna harusi kila Jumamosi.

Ndipo jino la mama yake Akello likamvimbisha shavu.

Mama Syprose alikuwa mwanamke wa mashamba ya chai. Alichuma hadi magoti yakakataa, na bado aliishi kule kwenye nyumba za kampuni, mwenyekiti wa kina mama wenzake. Kwao Wajaluo, mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Tangu Akello aolewe, Syprose hakuwahi kutafuna kitu mbele ya Jackton. Mkwe akiingia, yeye anaweka kikombe chini na kugeukia dirishani. Mdomo wa mama mkwe haufunguliwi mbele ya mkwe hata kwa mwayo, seuze kulazwa chali na kumulikwa.

Kwa hiyo wakapanga kama watu wazima. Mama angekuja Alhamisi, siku ambayo Jackton huhudumia wagonjwa Bomet, na Chelimo angemtibu. Akello alimweleza mumewe mpango wote ili asije akarudi mapema kwa bahati mbaya. Jackton alinyamaza. Akello akadhani ni kimya cha heshima. Kumbe kilikuwa kimya cha paka mbele ya samaki.

Alhamisi mama alikuja na kitambaa chake cha kanisani. Chelimo akamdunga sindano ya ganzi, akamfunga ile karatasi ya kuzuia mate kifuani, akaanza kutoboa. Jino lilikuwa limeshafunguliwa, ndipo mlango ukapigwa teke na Jackton akaingia, mkono mmoja na simu kwenye fimbo, mwingine na ile taa ya duara inayomfanya kila mtu aonekane kama amepakwa mafuta.

"Watu wangu, mnanisikia? Tuko laivu. Leo nataka muone daktari ambaye hata mama mkwe wake anamwamini."

Kocha alikuwa amemwambia kwamba imani huanzia nyumbani.

Syprose aliijua sauti hiyo. Akafumba mdomo ghafla, Chelimo akawahi kutoa kidole. Kisha yule mama, nusu ya uso ikiwa haina habari, mate yakimtiririka, akaivuta ile karatasi akajifunika uso mzima. Na hivyo ndivyo watu walivyomwona, kote simu zinakofika: mwanamke mzee chini ya karatasi, na kando yake mkwe anatabasamu, anasema mama anaona haya kidogo, mtamzoea.

Jackton akanyoosha mkono kuifunua.

Akello alikuwa ameshafika mlangoni. Hakupaza sauti.

"Baba Lavin, ukiinua hiyo karatasi, jua umemvua mama yangu nguo."

"Mama Lavin, si unaona tuko laivu? Watu bado wanaingia."

"Waache waingie. Wewe toka."

Mtu mwingine angemtazama mkewe. Jackton aliitazama simu, aone kwenye maoni ya watu ni nani anayeshinda.

Chelimo akaweka drili chini akasimama kati ya mkono ule na mama. Lakini Syprose hakusubiri kutetewa. Aliteremka mwenyewe kwenye kiti, uso bado umefunikwa, akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wa binti yake. Akello akamshusha ngazi moja moja, wakapita kati ya magunia ya mbolea, wauzaji wakiwapisha. Mama hakuitoa karatasi mpaka matone ya mvua yalipoilowesha.

Chelimo aliwafuata na begi la vifaa, akaliziba lile jino kwa muda, jikoni kwa Akello, karibu na dirisha. Mama akabaki mle jikoni kungoja ganzi iishe na mvua ikatike, pazia limeshushwa mlangoni.

Habari haikuhitaji gari. Kufikia jioni sebule ilikuwa imejaa kuliko siku ya matanga. Jackton akaingia akiwa na furaha, maskini, akaanza kuwaeleza kwamba klipu imefika Migori. Kocha mwenyewe amempigia kumpongeza, kwamba watu wakisema vibaya bado wanasema. Mjomba wake wa Muhoroni pia amempigia, kumwambia asikanyage boma lake kabla hajaenda kwa wakwe na wazee kuomba msamaha, lakini wazee, alisema Jackton, hawaelewi mambo ya soko.

"Ifute," Akello akasema.

"Nitafuta. Ngoja kesho, bado inapanda."

Akello alikuwa na maneno mengi, aliyapanga tangu mchana. Hapo yakamwishia. Hasira ni heshima fulani, humpi mtu usiyemhesabu. Alimtazama vile vifundo vitupu na kuona mtu ambaye angemkodisha hata yeye, mradi taa iwe nzuri.

Pazia halikusogea, ila sauti ilitoka nyuma yake, mdomo ukiwa umesharudi.

"Akello. Mwambie huyo kijana kwamba mimi nina binti. Mkwe sina."

Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja wa kwaya aliitikia kwa koo tu, kama mtu anayekubaliana na bei.

Jackton alisimama katikati ya sebule yake mwenyewe. Kisha akabonyeza, akabonyeza tena, akafuta. Akainua simu juu na kuizungusha ili kila mtu aone kwamba klipu haipo.

Kina mama walikuwa wamesharudi kwenye mazungumzo yao ya harusi ya Londiani, na mtu alikuwa akiuliza bibi harusi ni mtoto wa nani. Akello akamwomba mumewe asogee kidogo, amewazibia watu njia.