Kobla ya Marehemu Dada Ozella

Kwa heshima zote, na nikiwa na akili zangu timamu, mimi Thaddeus Gaines, mwanafunzi wa shule ya bweni ambayo imeniomba nisiitaje jina popote, natangaza kwamba Jumapili ya tatu ya Agosti, saa saba na robo mchana, marehemu Dada Ozella Tolbert alirudi kutoka kwa wafu akiwa na kobla ya pichi mikononi, yaani bakuli la matunda matamu yaliyookwa chini ya skonzi, akaiweka juu ya meza ya kanisa letu, kisha akaondoka bila kumuaga mtu.

Kobla hiyo ilipikwa na bibi yangu. Aliyeitoa garini na kuiweka mezani ni mimi. Sehemu iliyobaki ya tangazo, yaani saa, ni sahihi.

Ili kosa langu lipimwe kwa haki, ni lazima kwanza nieleze meza. Jumapili ya Kurudi Nyumbani, kila mtu aliyewahi kubatizwa kanisani kwetu hurudi, hata wale waliohamia Detroit na kuanza kuongea kwa haraka. Baada ya ibada tunashuka ukumbi wa chini kula. Kuna meza mbili. Meza ndefu ina kitambaa cheupe, na kichwa chake kiko chini ya feni, karibu na sahani ya mchungaji. Hapo kichwani hukaa kobla moja tu. Meza ya pili iko karibu na mlango wa choo. Huko hukaa keki za dukani, maharage ya makopo, na saladi za viazi za watu ambao hakuna anayewajua vizuri.

Kumjua mpishi si jambo dogo. Kwetu hakuna anayetia kijiko katika chakula kabla ya kuuliza kimetoka jikoni kwa nani. Ndiyo maana kila bakuli hubandikwa selotepu ubavuni, na juu yake jina la mwenyewe. Watu husoma selotepu kwanza, halafu ndipo wanasikia njaa.

Kwa miaka ishirini na sita, kichwa cha meza kilikuwa cha Dada Ozella. Kwa miaka hiyo hiyo ishirini na sita, kobla ya bibi yangu, Arletha Gaines, ilikaa mlangoni mwa choo. Mwezi wa Machi Dada Ozella akafariki. Bibi alilia kwa dhati, maana waliimba kwaya pamoja tangu wakiwa wasichana. Alilia wiki tatu. Wiki ya nne akaanza kuzungukia miti ya pichi ya jirani, akiyabonyeza matunda mabichi na kuyaambia yasiwe na haraka.

Mwezi wa Juni, Dada Earnestine Mapp, mwenyekiti wa kamati ya chakula, alipiga simu. Sikusikia alichosema. Nilimsikia Bibi akisema, "Nitaona kama nitapata nafasi," kisha akakata simu, akasimama katikati ya sebule mikono kiunoni kama mtu aliyeitwa ikulu. Kofia mpya ya rangi ya maziwa ililetwa nyumbani wiki hiyo hiyo. Ikakaa kwenye boksi lake miezi miwili, na hakuna aliyeruhusiwa kulitazama boksi kwa muda mrefu.

Asubuhi ya siku yenyewe aliniamsha nikamsaidie. Pichi zilikuwa zimeiva kiasi kwamba ukizikodolea macho zinachubuka. Tulizitumbukiza kwenye maji yanayochemka, tukahesabu hadi thelathini, tukazihamishia kwenye maji baridi, na maganda yakavulika kama soksi. Nikakata vipande. Katika kila vipande vinne, kimoja kilipotea kwa njia ambayo uchunguzi haujaibaini. Bibi akavitia sukari, maji ya limau na kungumanga kidogo, akaviacha mpaka vikatoa maji yake vyenyewe, kisha akavibandika motoni.

Kazi ya skonzi za juu alinipa mimi, chini ya ulinzi mkali. Unga, chumvi kidogo, na siagi baridi iliyokatwa vipande, unaisugua kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chenga chenga. Halafu maziwa ya mtindi. Hapo ndipo nilipokosea, nikaanza kukanda kwa nguvu.

"Huo unga umekukosea nini, baba?" Bibi akauliza. "Uguse kama unamwamsha mtoto mchanga ambaye hutaki aamke."

Nikaugusa hivyo. Akanisukuma pembeni, akamimina pichi zikiwa bado zinatokota ndani ya bakuli, akadondosha mabonge ya unga juu kwa kijiko, akiacha nafasi katikati ili mchuzi upate pa kupumulia, akanyunyiza sukari na kulisukumia bakuli ndani ya oveni. Lilipotoka, skonzi zilikuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea na mchuzi ulichungulia kando kando ukinong'ona. Bibi alilitazama kwa muda mrefu. Akalifunga kwa karatasi ya aluminiamu na mataulo mawili, tukalitia ndani ya sanduku la pikiniki ili libaki na moto wake mpaka ibada iishe.

Mpaka hapo mimi ni mjukuu mwema. Naomba hilo liandikwe.

Ibada ilipokwisha, Bibi akanikabidhi funguo za gari, selotepu na kalamu ya wino mzito. Akaniambia niandike jina kwenye selotepu, niibandike, kisha bakuli nikaliweke kichwani mwa meza. Hakusema jina la nani. Yeye alibaki mlangoni mwa kanisa akisalimiwa, kwa sababu kofia ile haikununuliwa ili ipite haraka.

Nikaandika: *Dada O. Tolbert.* Nikaliweka bakuli chini ya feni, nikaenda kusimama kwenye jagi la maji ya limau, uso wangu ukiwa mtakatifu.

Dada Earnestine ndiye aliyefika wa kwanza. Alifunua karatasi, akanusa, akasoma selotepu, akaketi. Hapakuwa na kiti. Palikuwa na keki ya nazi ya mtu kutoka Detroit.

Nilitarajia kicheko, labda na kofi moja. Badala yake Mchungaji Whitlow aliitwa. Akaligusa bakuli kwa kidole, akatangaza kwamba lina moto. Ukumbini likazuka swali kwamba moto huo umetoka upande gani. Watu wakageuka kumtazama mume wa marehemu, Mzee Roscoe Tolbert, aliyekuwa ameketi na fimbo yake katikati ya magoti, na swali hilo likaondolewa kwa adabu.

Likafuata la uanachama. Mtu mmoja alitaka kujua kama marehemu bado ana haki ya kuleta chakula. Shemasi Pruitt, karani wetu, akapanda juu kuleta daftari. Akarudi akihema, akaeleza kwamba tangu Machi hajapata nafasi ya kulifuta jina la Dada Ozella, na kwa hiyo, kwa mujibu wa daftari, dada huyo ni mwanachama kamili na hadaiwi kitu. Wengi walionekana kufarijika. Mama mmoja akashuhudia kwamba saa sita na nusu alipitiwa na baridi ya ajabu jikoni. Akaulizwa alikuwa wapi hasa. Akasema alikuwa amefungua friji. Ushuhuda wake ukapokelewa hata hivyo.

Kisha wakala.

Sijawahi kuona watu wakila vile. Dada Earnestine alitia kijiko kimoja mdomoni, akafumba macho, machozi yakamtoka, akasema huo ni mkono wa Ozella kabisa, angeutambua hata gizani. Mchungaji akasema skonzi ni nyepesi kama kitu kisicho cha dunia hii. Waliokuwa wamesusa kwa hofu wakaona bakuli linapungua, nao wakapata imani.

Hapo ndipo Bibi alipoingia na kofia yake.

Aliliona bakuli mahali pale alipopangojea kwa miaka ishirini na sita, na uso wake ukafunguka. Akanyoosha mkono kulielekea. Akasoma selotepu. Mkono ukabaki hewani. Akamtazama Mzee Tolbert, ambaye alikuwa amevua miwani na anaipangusa kwa ncha ya tai, na nikaona Bibi anahesabu moyoni. Kusema "hii ni yangu" maana yake ni kumpokonya marehemu chakula mbele ya mumewe. Mkono ukarudi kwenye mkoba.

"Na ya kwako, Arletha?" Dada Earnestine akauliza kwa upole. "Umeiweka wapi?"

"Mwaka huu sikuleta," Bibi akasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema uongo ndani ya jengo lile. Dada Earnestine akamshika bega, akamwambia amefanya vizuri kumpisha Ozella, maana ingekuwa aibu kuziweka mbili karibu.

Kisha, akiwa na nazi bado mgongoni mwa gauni, mwenyekiti akatoa hoja. Alisema, kwa kuwa hata kifo hakikumzuia Dada Ozella kutimiza wajibu wake, kichwa cha meza kiwe chake milele, na kobla nyingine zote, za walio hai, ziende kule mlangoni. Mtu akauliza mwakani bakuli litafikaje. Akajibiwa, "Kwa imani." Hoja ikaungwa mkono na watu saba kwa pamoja. Mchungaji akataka wanaokubali wainue mikono. Ukumbi mzima ukawa msitu wa mikono, na mmojawapo, uliopanda polepole ukiwa ndani ya glavu nyeupe, ulikuwa wa Bibi.

"Wanaopinga?" Mchungaji akauliza, huku tayari akikunja karatasi yake.

Fimbo moja ikainuka.

Mzee Tolbert alikuwa kwenye sahani ya tatu. Alimeza kwanza, akajifuta mdomo, akasimama.

"Mchungaji, hii si ya mke wangu."

Dada Earnestine akamwambia taratibu kwamba huzuni humchanganya mtu, na kwamba wote wameutambua mkono wake.

"Earnestine, nimeishi na huo mkono miaka arobaini na moja," Mzee akasema. "Ozella nilimpenda. Nampenda na leo. Lakini kobla yake ilikuwa mbichi chini. Kila mwaka. Juu imeiva, ukichimba unakuta gundi."

"Mbona sisi sote tulikuwa tunaisifu?"

"Ndiyo, nyinyi kazi yenu ilikuwa kusifu. Aliyekuwa anakula ni mimi." Akaligonga bakuli kwa kijiko. "Hii imeiva mpaka chini. Aliyeipika yuko hai, na kama yumo humu ndani, naomba aniambie kama imebaki nyumbani."

Shemasi Pruitt akauliza kwa sauti ndogo kama aifute ile hoja kwenye kumbukumbu au aandike pembeni. Mzee Tolbert hakumngoja. Akainama, akaibandua ile selotepu mwenyewe, kwa uangalifu, akaikunja na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Bibi akauweka mkoba wake juu ya meza.

"Ni yangu, Roscoe," akasema. "Nisamehe. Niliona unalia."

"Nilikuwa nalia kwa sababu nimekula skonzi iliyoiva," Mzee akasema, na akamsogezea sahani amwongeze.

Bakuli halikuhitaji kuhamishwa. Lilikuwa tayari chini ya feni. Watu wakaanza kutazamana, kisha kutazama dari, na Dada Earnestine akagundua ghafla kwamba kuna nazi mgongoni mwake. Nilianza kurudi nyuma polepole kuelekea mlango wa choo.

"Thaddeus Lamar Gaines," Bibi akasema bila kugeuka.

Mtu akiitwa majina yote matatu mbele ya kanisa, miguu huacha kuwa yake. Nikaenda.

"Nilikwambia uandike jina."

"Niliandika, Bibi."

"La nani?"

Nikalitaja. Kukawa na mvumo wa pumzi ukumbi mzima. Dada Earnestine akasema huko shuleni wanatufundisha kuchezea maiti. Mchungaji akanyanyua kiganja kumtuliza, akaniuliza nilitaka kupata nini. Nilikuwa nimeandaa utetezi mrefu wenye vipengele, lakini Bibi alikuwa ameshageuka, na ukitazamwa na Bibi vipengele huyeyuka.

"Nilitaka kuona uso wa Dada Earnestine," nikasema.

"Na mimi je? Ulinifikiria?"

"Hapana, Bibi. Sikukufikiria hata kidogo."

Alikubali kwa kichwa, kama anayepokea kitu alichokwisha kujua kitakuja.

"Na nilipoinua mkono wangu kupiga kura," akasema, "ulikuwa unaniona. Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema chooni. Ningeweza kusema nilizimia, na kwa siku ile wangeniamini. Nikatazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa na sukari.

"Nilikuwa hapa hapa mezani, Bibi," nikasema. "Najiongezea sahani ya pili."