Sadaka ya Gari la Mwalimu

Kwa miaka thelathini na moja mume wa mama huyu alifundisha watu kuendesha magari. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mpaka mkewe naye akazoea kumwita hivyo. Madereva wa malori, wauguzi, mawakili, hata askari wawili wa usalama barabarani walipitia mikononi mwake. Alikuwa na maneno yake. "Breki ni kama mama mkwe," aliwaambia wanafunzi siku ya kwanza. "Unaigusa kwa adabu, hukurupuki." Alipostaafu alirudisha gari la shule, akabaki na lake: gari dogo la kijivu la milango minne, lenye umri wa miaka ishirini na mbili, kiti cha nyuma kimebonyea katikati kwa kukaliwa na watoto.

Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu, kwa hiyo ugonjwa aliujua kabla daktari hajautaja. Mwalimu alianza kuweka viatu ndani ya jokofu. Akawa anauliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Mwanzoni walicheka wote wawili. Baadaye akawa anacheka peke yake, bila kujua wanachekea nini.

Lakini gari aliliendesha vizuri, na hapo ndipo mkewe alipojidanganya. Mikono ilikuwa haijasahau kitu.

Alhamisi moja asubuhi Mwalimu alimchukua mjukuu wao wa miaka sita kumpeleka shule, mwendo wa dakika kumi. Saa nne mwalimu mkuu akapiga simu kuuliza kama mtoto anaumwa. Saa saba mchana lori la mchanga likasimama mbele ya nyumba. Nyuma yake lilifuata gari la kijivu, likiendeshwa na mtu wasiyemjua, utingo wa lile lori. Mwalimu alishuka upande wa abiria akiwa hana hili wala lile. Mtoto alishuka akiwa ameloa sketi, haongei.

Dereva wa lori alimvuta mama pembeni.

"Mama, nimewakuta barabara kuu, upande usio wao, wanakuja usoni kwangu. Amewasha taa ya kukata kona, ametulia kama yuko darasani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nilipiga breki kama alivyonifundisha. Ningefundishwa na mwingine, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Jioni ile binti yao alikuja kumchukua mwanawe. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Mama, baba nampenda, unajua. Lakini mwanangu hakanyagi hapa mpaka gari hilo liondoke."

"Nipe wiki moja, mwanangu."

"Nimekupa miezi sita, Mama. Wewe umefanya kazi hospitali, sikufundishi."

Mama alificha ufunguo ndani ya pipa la mchele. Mwalimu akatoa wa akiba, aliokuwa ameuficha yeye mwenyewe zamani na ambao mkewe hakujua kama upo. Mama akafungua waya wa betri. Mwalimu alifunua boneti, akatazama, akaurudisha waya mahali pake kwa dakika tatu huku akipiga mluzi, kisha akaja jikoni kumwambia ajihadhari, kuna mtu anachezea gari lao.

Wazo la sadaka lilimjia akiwa hospitali, alikokwenda kuchukua dawa za mumewe. Kwenye benchi la wagonjwa wa figo aliwakuta wanawake wawili waliotembea tangu alfajiri kuja kusafishwa damu. Mmoja alikuwa amekosa zamu mbili kwa sababu hakuwa na usafiri, na miguu yake ilikuwa imevimba kama magunia. Ukutani palibandikwa tangazo la shirika dogo linalowabeba wagonjwa kama hao bure, likiomba magari yaliyotumika, hata makuukuu, mradi yanatembea. Kuliuza asingeweza. Mnunuzi angekuja kulijaribu, Mwalimu angedandia kiti cha mbele, na pangezuka vita.

Katibu wa shirika, mwanamke mpole mwenye miwani, alimweleza kinachotakiwa. "Kadi ya gari ina jina la mzee. Kwa hiyo lazima asaini mwenyewe."

"Atasaini," alisema mama.

Jumanne asubuhi alimpikia uji, akamnyoa ndevu, akamwekea fomu mezani na kalamu juu yake. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha. Angemwambia: Mwalimu, unaumwa, huwezi kuendesha tena, na kuna watu wanalihitaji gari hili kuliko sisi. Lakini asubuhi ile Mwalimu aliamka vizuri. Alimwita bibie, kama zamani, akausifia uji. Mama akaogopa kuiharibu asubuhi. Akaogopa pia, na hili alikuja kulikiri baadaye sana, kwamba akimwambia atakataa.

"Hii nini, bibie?"

"Bima ya gari. Muda umekwisha."

"Eh, bima ni muhimu," alisema Mwalimu. Akaweka saini yake kubwa yenye mkia, bila kusoma, kwa sababu katika ndoa ya miaka arobaini hakuwahi kusoma karatasi aliyopewa na mkewe.

Siku ya pili dereva wa shirika alikuja kulichukua. Alikuwa mgeni wa gari lile. Klachi yake ilikuwa na tabia zake, na gari lilizimika mara mbili getini. Mwalimu, aliyekuwa barazani, akainuka, akamwendea dirishani.

"Unaiachia ghafla, kijana. Taratibu. Sikiliza injini, ikianza kunguruma chini, hapo hapo. Haya, tena."

Gari likaondoka kama limepakwa mafuta. Mwalimu akapiga makofi mawili, akageuka akitabasamu. "Huyu atafaulu," alisema. Mkewe aliingia chooni, akafungulia bomba ili asisikike.

Kwa siku tatu hapakuwa na neno. Siku ya nne Mwalimu alitoka nje, akasimama mbele ya nafasi tupu, pale palipobaki doa la oili, akaanza kupiga kelele za mwizi. Majirani walikuja. Mkewe alijaribu kumwelekeza ndani, naye akamkwepa.

"Huyu mwanamke ndiye," aliwaambia. "Ameuza gari langu. Mwulizeni."

Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya jina la binti yake, umemnyang'anya mwaka na siku, lakini jambo hilo haukumnyang'anya. Kila asubuhi alilianza upya. Alikataa chakula kutoka mkononi kwa mkewe. Alifunga mlango wa chumba kwa ndani, mkewe akahamia kulala kwenye kochi. Mtoto alirudi kuja kucheza, kweli, na binti akawa anakuja kumlisha baba yake, maana kwake alikubali. Mama alipika na kupitisha sahani kwa mkono wa binti, kama mtu aliyefukuzwa kazi lakini bado anafua nguo za ofisi.

Mwezi wa pili, wakati mkewe anaanika nguo, Mwalimu alitoka kwenda kulitafuta gari. Alitembea hadi mzunguko wa barabara, kilomita nne. Mashuhuda walisema alikuwa akiinama kwenye kila gari la kijivu na kuangalia kiti cha nyuma. Hakuna gari lililomgusa. Alijikwaa tu kwenye ukingo wa barabara, akavunjika nyonga.

Hakuinuka tena. Alirudishwa kutoka hospitali kulala sebuleni, na hapo mama akapata nafasi ya kumkaribia, kwa sababu Mwalimu alikuwa hamjui tena. Alivyomgeuza kwa mikono ya kazi, alivyompangusa, alivyoangalia ngozi ya mgongo isije ikatoka vidonda, Mwalimu akaamua kwamba huyu ni muuguzi. Akawa anamwita sista. Alikula kutoka mkononi mwake.

Alasiri moja, mama akimkata kucha, Mwalimu alisema, "Sista, wewe umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mimi mke wangu aliniibia gari."

Mama hakuinua kichwa. Alimaliza kidole, akashika kingine. "Labda alikuwa na sababu," alisema.

"Alikuwa nayo." Mwalimu alisema hivyo bila hasira, kwa sauti ile aliyokuwa akisahihishia wanafunzi. "Nilikuwa sioni njia tena. Najua. Lakini angeniambia. Ningempa ufunguo mwenyewe."

Mama alimngoja aendelee. Baada ya dakika chache Mwalimu akauliza kama ni asubuhi au jioni, akajibiwa, akauliza tena.

Alifariki wiki mbili baadaye, mchana, akiwa usingizini. Katika siku hizo mama alikaa karibu yake kila alasiri akiwa na maneno mdomoni, na mara mbili aliyasema: Mwalimu, ni mimi, nisamehe. Mara ya kwanza alimtazama kwa adabu. Mara ya pili alimwomba maji.

Binti alimwambia baada ya mazishi, "Mama, usijitese. Mwanangu yuko hai. Ulifanya sawasawa." Mama alikubali, kwa kuwa ilikuwa kweli. Hakumweleza habari ya alasiri ile, wala hajamweleza mtu hadi leo.

Mwaka ulipotimia katibu wa shirika alipiga simu. Gari lilikuwa bado linatembea vizuri. Lilikuwa linabeba wagonjwa wanne asubuhi na wanne jioni. Bodi ilikuwa imekaa na kuamua kuandika jina la Mwalimu mlangoni, kama mtu aliyelitoa, ikitaka tu ruhusa ya familia.

"Msiandike," alisema mama.

"Ni heshima tu, Mama. Wagonjwa wenyewe wameomba."

"Naelewa. Lakini hakulitoa yeye."

Katibu alidhani hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno, akamshukuru kwa kupiga, akaagana naye.