Mkarakara wa Anyesi

Miaka ile watu wa tambarare walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, Anyesi, mjane wa kijiji cha Kilema huko mlimani, alipanda mkarakara, mmea wa pasheni, nyuma ya jikoni, akaujengea chanja ya kutambaa. Ukanenepa majani, lakini ua hata moja hakuna. Mringaringa wa shemeji yake, Nikodemo, uliokuwa mpakani, uliifunika chanja kwa kivuli kutwa nzima.

Akamwendea.

"Shikamoo, shemeji. Naomba upunguze matawi ya upande wangu. Karakara bila jua haizai."

"Mti ule aliupanda baba," Nikodemo akajibu, macho yake kwenye kahawa aliyokuwa akiianika. "Hauguswi."

Mmea haukungoja ruhusa. Uliiacha chanja, ukaukwea mringaringa wenyewe hadi juu kwenye jua, ukazaa kupita kiasi. Nikodemo akaegemeza ngazi upande wake, akachuma. Mkewe, Tereza, akapita mlangoni kwa Anyesi na kikapu kichwani, akielekea sokoni.

 Anyesi akamwita Filemon, balozi wa nyumba kumi. Filemon akatazama juu, akakuna kidevu.

"Mama, matunda yapo juu ya mti wa Nikodemo. Ni yake."

"Na shina?"

"Shina limeota kwako. Hilo ni lako."

Nikodemo, aliyekuwa amesimama upande wake wa mpaka, akacheka. Anyesi akaingia jikoni, akatoka na panga, akalikata shina kwa pigo moja.

"Changu nimekichukua," akasema.

"Umepatwa na wazimu?" Nikodemo akafoka.

"Uliponinyima jua ulikuwa na akili zako timamu. Niache na wazimu wangu."

Matunda mabichi yakasinyaa juu kule. Ukoo ukamsema Anyesi, na ukamsema zaidi alipong'oa migomba yake kando ya njia, palipo na jua tangu linapochomoza, akasia hapo mbegu za matunda yaliyokuwa yamedondokea kwake. Mwanamke gani anang'oa migomba? Yeye akajenga chanja nyingine hapo.

Mwaka uliofuata chanja mpya ilielemewa na matunda. Asubuhi moja Nikodemo akasimama njiani.

"Naona imekubali, shemeji."

"Imekubali."

Akangoja kukaribishwa. Anyesi akaendelea kuchuma, amempa mgongo, tunda moja amelibana mkononi hadi likapasuka na maji yake kumtiririka hadi kwenye kiwiko. Hakugeuka mpaka aliposikia hatua zake zimekwisha kabisa.